Sumaku ya Obura

Nimewaona mafundi wa Mwanza wakigonga chuma na kusikiliza mlio wake, na wa Mumbai wakikikwaruza na kukinusa. Zedekiah Obura, mchomeleaji wa Mukuru kwa Reuben, alitumia sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ikinasa, chuma kitashika kutu. Isiponasa, hiyo ni stenlesi safi. Kwa sheria hiyo alikuwa ametengeneza mageti na grili za madirisha mpaka macho yakaanza kufifia.

Kisha akaja Jimale, mwenye maboti ya kuvulia samaki na ya kubeba watalii huko Kilifi. Alitaka mnara wa nahodha kusimama juu ya boti, na reli za kushikilia pembeni.

"Mzee Obura, chagua chuma kama boti ni yako," alisema. "Mnara ukimaliza mwaka baharini bila kutu, nakuchukua uwe fundi wangu kule. Nyumba ipo."

Asenath, mkewe, hakungoja mwaka uishe. Aliwaambia akina mama wa kanisa, wakawaombea safari. Sufuria kubwa akaigawa.

Alumini ilikuwa nyepesi, lakini mashine ya Obura haikuweza kuichomelea. Bomba la maji lililopakwa zinki lingechubuka zinki hiyo kwenye viungo. Ilibaki stenlesi, na muuza vyuma Kyule alikuwa na mabomba yake ya aina mbili.

"Hii ni ya jikoni," Kyule alisema. "Hii ingine ndiyo ya kuhimili chumvi. Ilitoka kiwanda kilichobomolewa."

Obura akapitisha sumaku polepole. Kwenye bomba la jikoni iliteleza tu. Kwenye lile la chumvi iliteleza pia, ila ilipofika kwenye mshono, ule mstari mwembamba ambapo bomba huungwa kiwandani, iling'ang'ania kidogo.

"Hili lina uchafu."

"Omera, ndugu yangu, unanunua ama unaoa? Mshono huwa hivyo, ni ule moto wa kuunganisha."

"Kyule, wewe ungeuza hata kivuli. Sumaku haijui kuuza."

Akachukua la jikoni.

Mnara ulitoka mzuri. Viungo alivisugua mpaka Asenath akajifungia kitambaa cha kichwa akijitazama humo. Siku ulipopakiwa kwenye lori, watu wa plotini walitoka kuutazama, na mmoja akamwuliza Obura kama kule baharini atawakumbuka.

Mwaka haukuisha. Picha iliingia kwenye simu, Obura akaisogeza karibu kabisa na macho. Kila kiungo kilitoa michirizi ya kahawia iliyoshuka juu ya boti nyeupe, kama chai iliyomwagika. Jimale alipiga baadaye.

"Mzee wangu, wageni wanaogopa kushika reli. Sikulaumu."

"Nirudishie, nitautengeneza upya."

"Nimeshapata fundi wa huku, mzee."

Jumapili hiyo Asenath alisema kichwa kinamuuma, hakwenda kanisani. Iliyofuata pia.

Obura alirudi kwa Kyule. Alitarajia kuchekwa, lakini Kyule alishusha sauti. "Lile ulilokataa, Gichuru wa ngozi alinunua. Nenda ulione tu."

Nyuma ya kibanda cha Gichuru, ngozi za ng'ombe zilizopakwa chumvi zilining'inia kwenye bomba hilo, zikidondosha maji ya chumvi. Kulabu za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu zikabaki vipande ardhini. Obura akainua pembe ya ngozi moja, akapangusa bomba kwa kidole gumba. Lilikuwa jeupe kama kijiko kipya. Akaweka sumaku kwenye mshono, nao haukuwa na kutu hata doa. Iling'ang'ania kidogo, vilevile kama siku ile.

"Unalitaka?" Gichuru alimwuliza kutoka mlangoni. "Siliuzi."

Obura akaibandua sumaku, akairudisha shingoni. Kulikuwa na geti la mtu likingoja.