Tarehe Aliyoniandikia Baba

Siku ile haijanitoka mpaka leo, mwanangu Neema, na tangu juzi uliponipigia kutoka Columbus ukilia kwamba umenyimwa kadi ya krediti, naiona upya. Usiseme shangazi anaanza tena hadithi zake. Naanza, ndiyo. Kaa usikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mjamzito wa miezi minne. Mimi na mume wangu Elisha tulikuwa tunalala sebuleni kwa dada yake, mtaa wa Newburg, mjini Louisville. Wifi yangu alikuwa mtu mwema, lakini sebule ni sebule. Watoto wake wakitaka televisheni, sisi tunakunja godoro. Nilitaka kitu kimoja tu: mtoto wangu azaliwe akute chumba chetu. Wote wawili tulikuwa na kazi kwenye ghala kule Okolona, kodi tungeiweza, ila kila meneja wa nyumba aliuliza historia yetu ya mikopo, na sisi hatukuwa nayo. Tukaambiwa tuanze na kadi ndogo ya krediti, ile wanayompa hata mwenye mshahara mdogo.

Bon, basi, nikaenda benki, nikapewa fomu. Jina nikaandika. Nilipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, mkono ukasimama.

Unajua makaratasi yetu yalivyo. Kule kambi ya wakimbizi, kabla hatujaletwa huku, karani alikuwa na haraka, na kila asiye na cheti alimwandikia tarehe moja Januari. Mimi siku yangu naijua. Baba, yaani babu yako, alikuwa mwalimu. Aliiandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia, na akafia kambini bado anamlalamikia karani yule. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na hakuna wa kunizuia. Nikaandika tarehe ya baba. Nilitoka pale kifua mbele, nikiona nimemtendea haki.

Baada ya wiki mbili ikaja barua: hapana. Sikuisoma zaidi ya neno hilo. Moyoni nilishajua ni mshahara wetu, wameuona wakacheka. Nikajaza fomu ya benki nyingine, halafu nyingine tena, na kila mara tarehe ya baba. Wote wakakataa. Barua ya pili na ya tatu nilimficha Elisha, maana niliona aibu, na tumbo nalo linazidi kukua.

Aliyenitoa ujinga ni Mama Siwema, Mrundi mmoja mtu mzima niliyekuwa nafunga naye maboksi. Aliona nimeacha chakula changu wakati wa mapumziko, akaniuliza kulikoni, nikamtolea barua zote. Akavaa miwani, akasoma ya kwanza mpaka chini, polepole, kidole kwenye mstari. Akaniambia mshahara haujatajwa popote. Wameandika kwamba wameshindwa kuhakikisha mimi ni nani. Kisha akauliza niliandika tarehe gani. Nikamweleza habari ya baba, nikaanza kulia palepale mbele ya watu.

Hakunibembeleza.

"Binti yangu," akasema, "baba yako alikuandikia siku ile ili wewe uijue. Benki haikuwepo. Benki wape ya kwenye makaratasi. Ya baba yako tutaipikia wali, kwangu, kila mwaka."

Halafu akanionyesha kitambulisho chake. Tarehe moja Januari. Naye siku yake alikuwa anaijua.

Nikajaza upya, na kadi ikaja. Lakini nisikudanganye, tulikuwa tumechelewa. Historia haijengwi kwa wiki moja. Joseph wangu alizaliwa tukiwa bado sebuleni, tunakunja godoro na kichanga mikononi. Chumba tulikipata alipokuwa ameshaanza kutambaa. Miezi ile niliipoteza mimi mwenyewe, kwa barua ambazo sikuzisoma, na bado inaniuma.

Wali Mama Siwema aliupika. Mpaka tulipohamia huku Buffalo, kwenye hii nyumba yetu ya Black Rock, hakuruka mwaka hata mmoja.

Donc, kwa hiyo, mwanangu, barua waliyokutumia usiitupe. Isome mpaka mstari wa mwisho, au nipigie unisomee. Sababu wameiandika humo, na usijaze fomu nyingine kabla hujaijua. Andika jina na tarehe kama zilivyo kwenye kitambulisho, hata kama zinakukera. Kipato chako kitaje kilivyo, usikiongeze. Kumwogesha mzee wa watu, kama unavyofanya wewe kila siku, ni kazi, si aibu. Kadi ikija, nunulia sabuni au mafuta ya gari, kitu ambacho pesa yake tayari unayo, na bili ikifika lipa yote kwa wakati. Na ile siku yako ya kweli ya kuzaliwa, muulize mama yako leo, angali yupo, uiandike mahali.

Mungu alikuwepo ulipozaliwa, mwanangu, wala hakudai cheti. Basi akusimamie kila unapoambiwa hujulikani, akubariki mikono yako, akupe mlango wako mwenyewe wa kufunga na kufungua. Amina.