Siku Nilizodhani Nilikuwepo

Nilikwenda ofisi ya uhamiaji pale Morogoro mjini nikiamini hesabu yangu ni nyepesi. Nilitoka Malawi bado binti, fundi cherehani, nikaja kufundisha ushonaji kwenye kituo cha misheni huku juu Uluguru. Mvi zangu zote zimeotea hapa. Nilikuwa nimechoka kuhuisha kibali cha ukaazi kila mara, na nilitaka kuomba uraia kabla sijazeeka nikiwa mgeni.

Mama mwenye nyumba wangu alinisindikiza, kwa kuwa alikuwa anashusha karoti sokoni. Afisa tuliyemkuta alikuwa binti mdogo mwenye adabu. Alitusalimia shikamoo, akatuonyesha viti.

"Uliingia nchini lini, mama?"

"Zamani."

"Zamani hatuiandiki," akasema, lakini kwa upole. Akaeleza kwamba kwanza niwe nimeishi hapa mfululizo miezi kumi na miwili ya mwisho kabla ya kuleta maombi. Halafu wanarudi nyuma. Katika miaka kumi iliyotangulia hiyo miezi, wanajumlisha vipindi vyote nilivyokuwa ndani ya nchi, navyo vifike angalau miaka saba.

"Kwa hiyo ni miaka minane," nikasema.

"Ni saba na mmoja."

"Si ndiyo minane?"

"Ndiyo, lakini siyo minane ya pamoja. Ule mmoja uko peke yake."

Nilimtazama mama mwenye nyumba, naye alikuwa anatazama dirishani. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tatizo langu lilikuwa mama yangu mzazi. Aliugua muda mrefu, na mimi ndiye binti pekee. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naenda na kurudi: nakaa naye Malawi miezi, akipata nafuu narudi kufundisha, akizidiwa naitwa tena. Mpaka tulipomzika sikuwahi kujiuliza ni wapi nilikaa zaidi. Sasa ilibidi nijue.

Jioni ile tulikaa jikoni kwake, moshi wa kuni umetanda na ukungu uko nje. Nilikuwa na pasipoti mbili, ya zamani na mpya, mihuri mingine imefifia haisomeki. Mama mwenye nyumba hakuiamini mihuri. Aliamini kichwa chake.

"Daraja la miti lilipochukuliwa na maji, ulikuwepo," akasema. "Tulisimama wote pale ukingoni."

Nami nilikumbuka vizuri sana. Maji ya rangi ya udongo, kanga yake imelowa mabegani, mti mzima wa mgomba unapita chini ukizunguka. Nikasema ndiyo, nilikuwepo. Lakini muhuri wa Kasumulu, pale mpakani, ulionyesha nilitoka nchini kabla ya mvua hizo kuanza na kurudi kiangazi.

Binti yake mkubwa, aliyekuwa anamenya viazi, ndiye aliyetuamulia. "Mama, huyu hakuwepo. Nilimpigia simu ya video nikamwonyesha mto. Alikuwa kwa mama yake, mgonjwa yuko kitandani nyuma yake."

Mama mwenye nyumba akasema, "Mbona namwona kabisa amesimama pale?" Mimi pia nilijiona. Usiku huo sikulala vizuri. Kama niliweza kusimama kwenye mto ambako sikuwepo, ni mangapi mengine niliyoyaweka mahali pasipo pake? Na upande wa pili kulikuwa na miezi ambayo pasipoti inasema niko Uluguru, lakini nikiitafuta sioni kitu: sioni mwanafunzi, sioni gauni, sioni hata mvua. Labda nilikuwa hapa huku roho iko kwa mama.

Niliporudi ofisini, yule binti alijumlisha kwa kikokotoo na miaka saba ikatimia, kwa kubanabana. Nikashusha pumzi. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa pasipoti.

"Na hapa ulikwenda wapi?"

"Kumzika kaka yangu. Wiki tatu tu."

"Ni ndani ya ile miezi kumi na miwili." Akauma kalamu. "Mfululizo ni mfululizo, mama."

Mwenzake, mtu mzima aliyekaa meza ya pembeni, akaingilia. "Msiba siyo kuhama. Aeleze kwa maandishi."

"Sheria inasema mfululizo."

"Haisemi asizike."

Walibishana kwa heshima, mimi katikati. Waliniambia nirudi wiki inayofuata. Niliporudi hakuwepo yeyote kati yao, na afisa wa tatu akasema ushauri wake ni nianze kuhesabu upya tangu siku niliyorejea kutoka msibani. Sikujua nani kati yao alikuwa sahihi. Nilimfuata wa tatu kwa sababu tu yeye hakuwa na wa kubishana naye.

Mwaka huo ndipo binti wa marehemu kaka yangu alipoolewa. Alinipigia mwenyewe.

"Shangazi, upande wa baba umebaki wewe tu. Utanisindikiza?"

Nilijaribu kumweleza habari ya mfululizo kwa lugha yetu, na neno lenyewe halikuja.

"Kwani umefungwa?" akauliza.

"Hapana."

"Umekatazwa kusafiri?"

"Hapana, hakuna aliyenikataza."

"Sasa?"

Nilimshonea gauni nikalituma kwa basi la Mbeya, lipokelewe huko na kuvushwa. Lilimbana kiunoni, nilikuwa nimekadiria kwa picha. Aliolewa akiwa amesimamiwa na jirani.

Miezi ilipotimia nikakusanya kila kitu. Ofisi ya kijiji iliniita, wakaniuliza maswali, wakaandika barua. Tangazo la maombi yangu likatoka gazetini na picha ambayo hata mimi sikujitambua mara moja. Yule binti wa kwanza ndiye aliyepokea jalada.

"Sasa unasubiri, mama."

"Nikiwa nasubiri, naweza kusafiri?"

"Hilo sina uhakika. Ngoja niulize." Akaingia ndani, akakaa, akatoka. "Wanasema unaweza. Ila usikae sana."

Sikuthubutu kuuliza hiyo 'sana' ni kiasi gani. Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda Malawi. Binti wa kaka alinifungulia mlango akiwa na ujauzito, akanikumbatia kwa ubavu kwa sababu ya tumbo. Hakuwa na kinyongo, au alikificha vizuri. Majibu ya maombi yangu hayajatoka mpaka leo, na nikiulizia naambiwa bado yanashughulikiwa.

Tulipokaa, akaniuliza, "Kwa hiyo shangazi, umehamia kule moja kwa moja?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikasema, siyo hivyo hasa. Nikataka kumweleza tangu mwanzo, nikaona sijui mwanzo ni upi, nikamwomba maji ya kunywa.