Tanga la Usharika Dada

Kwa miaka kumi na tisa Tupokigwe, mfagiaji wa kanisa moja la Temeke, alisimama kila Jumapili kuliombea kanisa la Uholanzi, lenye umri wa miaka mia nne, katikati ya mji ambao hakuwahi kuukanyaga. "Usharika dada," ndivyo walivyomfundisha kusema. Naye si mtu wa kutamka neno likaishia mdomoni. Dada ni dada. Picha ya mnara wake aliibandika ukutani kwake, kando ya picha ya marehemu mama yake.

Wiki iliyopita likaja kontena kutoka bandarini Kurasini, limejaa mabenchi ya mti mgumu, yamesuguliwa na makalio ya vizazi. Ndani mlikuwa na barua ya lile kanisa la Uholanzi. Mchungaji Brightson akaisoma mbiombio, kama mtu anayepita na nyama mbele ya mbwa: waumini wamekwisha, kanisa limefungwa, jengo sasa ni mgahawa, mabenchi ni zawadi. Watu wakapiga makofi. Makofi! Hata wa kusema pole hakupatikana.

Tupokigwe akamfuata.

"Mchungaji, dada amekufa, nyie mnagawana vyombo vyake tanga halijaanuliwa?"

"Mama, mabenchi tu hayo. Jumapili mkuu wa jimbo anakuja, yapangwe."

"Kwa hiyo msiba hamna?"

"Msiba wa jengo, mama?" Akacheka. Na wazee wa kanisa, watu wazima na mvi zao, wakacheka naye.

Jumapili, mkuu wa jimbo na wageni wenzake walipokwisha kuketi, Tupokigwe akatandika mkeka sakafuni mbele yao, khanga kichwani, akanyoosha miguu. Brightson akainama kumnong'oneza ainuke, asiwaaibishe. Hakuinuka. Aibu walikuwa nayo tangu siku ya makofi.

Farida, Mwislamu anayeuza vitumbua mbele ya kanisa, aliuona mkeka kupitia mlangoni. Mkeka wa msiba hauulizwi dini. Akavua ndala, akaingia, akaketi.

"Pole, shoga angu. Nani?"

"Dada yangu."

"Innalillahi! Anazikwa wapi?"

"Hazikwi. Wamemgeuza mgahawa."

Farida akainua macho, akawatazama waliojipanga kwenye mabenchi.

"Na hawa mbona wamekaa juu?"

 Benchi la mbele likalia. Mkuu wa jimbo alikuwa anavua viatu.