Mkono Unaopanga Vizibo

Nyumbani kwetu Bariadi tulicheza poka kila Jumapili baada ya ibada, na hatukuchezea hela. Tulichezea vizibo vya chupa. Mume wangu, ambaye hapa nitamwita Mzee kama nilivyomwita siku zote, alijifunza mchezo huo mgodini huko Shinyanga alipokuwa fundi mitambo. Alipopata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba akarudi na karata mfukoni na kutufundisha wote. Kizibo cha soda kilikuwa moja, cha bia kilikuwa tano. Hivyo vya bia aliviomba baa, akaja navyo kiroba kizima. Siku mchungaji alipotutembelea bila taarifa akakuta nimeviosha na kuvianika uani, vinameremeta. Nilimweleza ni vya nini, hakuniamini, na kwenye maombi ya kuagana akamtaja dada yetu anayepambana na kinywaji. Mimi, ambaye hata togwa inanipa kizunguzungu. Nilinuna wiki nzima na Mzee alicheka wiki nzima.

Wachezaji tulikuwa wanne: Mzee, mimi, wifi yangu ambaye ni dada yake Mzee, na jirani yetu fundi cherehani. Ukitaka kumjua mtu, usimwangalie usoni, angalia anavyoweka vizibo vyake. Fundi alivipanga kwa rangi, vyekundu huku, vya kijani kule, mstari umenyooka kama mshono. Hakucheza mpaka awe na karata nzuri, kwa hiyo akiingia tu, sisi wengine tunatoka, na maskini anaambulia vizibo viwili. Wifi alivimwaga mbele yake kama mahindi ya kuku. Hakujua anavyo vingapi wala hakutaka kujua, alifuata kila dau akicheka, na akiishiwa alicheka zaidi. Mimi vyangu niliviweka mapajani, nikavifunika na khanga. Mzee aliniita bahili, na kweli, kizibo kikishaingia kwangu kukitoa ni shughuli.

Vya Mzee vilikaa rundo tu, hovyo hovyo, na alicheza hivyo hivyo, bila presha. Lakini alipokuwa hana kitu mkononi na anataka tukimbie, mkono wake wa kulia ulianza kupanga. Kizibo juu ya kizibo, anasawazisha pembeni kwa kidole, mpaka kinasimama kimnara. Kisha anakisukuma katikati na kusema taratibu, "Naongeza." Fundi alitupa karata zake kila mara, maana aliona mnara akadhani ni nguvu. Mkwara mtupu. Nilimgundua mwaka wa kwanza wa ndoa, wala sikumwambia. Wewe ungemwambia? Mwanamke naye anahitaji kasilaha kake ndani ya nyumba.

Na haikuwa kwenye karata peke yake. Ndugu zake wa kijijini Lingeka walipokuja kuomba dume la ng'ombe na yeye akawaambia limeshaahidiwa kwa mtu, alikuwa anapanga njiti za kiberiti mezani. Mimi nilikuwa nasubiri wageni waondoke, halafu namwambia neno moja tulilolitumia mchezoni kumtaka mtu aonyeshe karata zake: "Fungua." Anacheka, anafungua, ananiambia ukweli. Aliapa kwamba nina mganga.

Ugonjwa ulianza na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Alikuwa anaipenda mno na chai ya asubuhi, sasa kila kipande anakisukuma kwa maji. Baadaye ugali nao ukawa unakwama, na akathubutu kuulaumu ugali wangu. Nilimjibu vibaya, kwamba ugali huu umekulea miaka yote ukanenepa, leo ndio umekuwa mgumu. Tukafika mahali anakunywa uji na mlenda tu, mkanda umeongezwa matundu, na ugomvi wangu ukaniisha. Nikamng'ang'ania aende hospitali ya rufaa Mwanza. Alikubali kwa sharti kwamba aende peke yake. Eti nani atabaki na kuku.

Alirudi alasiri ya siku ya tatu, na sato mkubwa aliyemnunua Lamadi basi liliposimama. "Kaanga huyo," akaniambia, kabla hata sijampa pole ya safari. Nikamuuliza wamesemaje. Akakaa, akafungua mfuko, akaanza kutoa maboksi ya dawa. "Vidonda vya koo tu. Nimeze hizi, vitakauka." Na huku anasema, analiweka boksi moja juu ya lingine, analizungusha, anasawazisha pembeni kwa kidole.

Nilisimama na yule samaki mkononi. Sikuhitaji cheti cha daktari, mume wangu alikuwa ameshanionyesha.

"Fungua," nikamwambia.

Safari hii hakucheka. Akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, kama alivyoniita akiwa na shida na mimi. "Mayu, hii niachie."

"Nikuachie nini? Mimi si mke wako?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Ni saratani, imeshashuka. Wakijua watajaa humu ndani kunililia ningali hai, na wataniona ninavyoogopa. Wewe ukiniona sawa. Wengine wasinione."

Nilikasirika. Nasema kweli, kabla ya kulia nilikasirika, kwa sababu nilitaka watu waje, nilitaka wifi yangu anishike mkono, nilitaka binti yetu aache kazi Dodoma aje tuumie pamoja. Alikuwa ananipa mzigo wa kuubeba peke yangu na anauita heshima. Lakini mtu huyu hakuwahi kuniomba kitu kikubwa tangu anioe. Nikaenda jikoni nikamkaanga sato, na moshi ukabeba lawama ya machozi yangu. Alitafuna kipande kimoja, akakitema kwenye leso alipodhani sioni.

Basi Jumapili zikaendelea. Akiulizwa anajibu vidonda vinakauka, na mnara unapanda. Ndio nikajua siku za maumivu: zilikuwa siku za minara mirefu. Fundi, mtu wa watu, alikuwa anasema, "Mzee siku hizi karata zinakupenda," anatupa zake. Na mimi nikawa natupa zangu. Mimi bahili, niliyekuwa nimemng'oa kwenye kila mkwara tangu ujana wetu, nikawa natupa karata nzuri ili mnara wake ushinde. Jumapili moja nilitupa wafalme watatu kama maganda ya ndizi. Wifi katika fujo zake akazifunua, akazitazama, akanitazama mimi.

"Wifi, unaumwa?"

"Macho," nikasema. "Siku hizi sioni vizuri."

Alinishauri nikapime miwani. Mzee alizikusanya zile karata, akazichanganya muda mrefu kuliko kawaida, na mimi nikajishughulisha na kumimina chai.

Mvua za vuli zilipokaribia hakuweza tena kukaa. Tukahamishia mchezo chumbani, sisi watatu kwenye viti, yeye kitandani, vizibo vyake vimemwagwa juu ya blanketi. Alikuwa amebaki mifupa na sauti. Wifi siku ile hakucheka. Alishika karata zake bila kuziangalia, mwisho machozi yakamtoka waziwazi, na fundi akainamisha kichwa.

"Msinionee huruma," Mzee akasema. "Mimi siogopi kitu."

Na mkono ukaanza kutafuta. Ukapata kizibo, ukaweka juu ya kingine. Blanketi lilikuwa na mikunjo, vikaanguka. Akaanza upya, vikaanguka. Vidole vilitetemeka, navyo havikuacha, kama vya mtoto anayeng'ang'ania kujifunga kifungo mwenyewe. Sikuweza kuendelea kutazama. Nikachukua sinia la chai, nikaondoa vikombe, nikaliingiza taratibu chini ya mkono wake ili visimame.

Vikasimama. Alivisawazisha kwa kidole, akapumua.

"Umeona?" fundi akamwambia wifi. "Hili ni dume." Wifi akajifuta uso, akakubali kwa kichwa.

Alifariki katikati ya wiki iliyofuata, asubuhi, nikiwa nimemshika. Dakika zake za mwisho sitazieleza hapa. Alinibana mkono mpaka ukaacha alama, na hakuna aliyeona ila mimi.

Kwenye msiba fundi cherehani alisimama mbele ya watu akasimulia yale ya chumbani. Watu wakaguna kwa kusifu. Ndugu wa Lingeka wakasema ndivyo wanaume wa ukoo wao wanavyoondoka. Mchungaji akaligeuza kuwa mahubiri. Kila aliyekuja kunishika mkono aliniambia una bahati mama, umeishi na jasiri, na mimi nikawa nashukuru mmoja mmoja.

Binti yetu alifika kutoka Dodoma tumeshatandika majamvi. Hakumkuta baba yake, na hilo ndilo lililokuwa linamla, kwa sababu hakuna aliyemwambia hali ilikuwa hivyo. Kila simu aliambiwa vidonda. Baada ya mazishi alinifuata chumbani nilipokuwa nakunja lile blanketi, akafunga mlango.

"Mama, watu wote wanasema. Nataka kusikia kwako. Ni kweli baba hakuogopa?"

Nilimtazama. Ana macho ya baba yake, na ana haki ya kujua kama niliyokuwa nayo mimi. Nikaona nikimfungulia, nitalia naye mpaka jioni na nitapata mtu wa kubeba naye.

"Ni kweli," nikamwambia. "Hakuogopa hata kidogo."

Akaniangukia begani, akalia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, akasema asante mama, asante. Nikampigapiga mgongoni. Hofu ya mume wangu imebaki hapa kwangu yote, sina wa kumgawia.