Kiti cha Dirishani

Ukisimama katika shamba la viazi la mama yangu kule Kiirua, ukaupa Mlima Kenya mgongo, unaona nchi nyingine kabisa huko chini. Kwetu ni kijani na baridi ya kuvaa masweta mawili. Kule ni udongo mwekundu, vichaka vikavu, na kwa mbali, asubuhi mvua ikiwa imeosha hewa, jabali la Ololokwe, jekundu, kilele chake bapa kama meza. Asubuhi kama hizo mama aliliona jabali hilo kila alipoinuka kunyoosha mgongo, tangu alipoolewa. Hakuwahi kulifikia. Isiolo alifika mara nyingi kuuza vitunguu. Aliuza, akageuza, akarudi kupika.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Ndivyo alivyosema daktari wa Meru mjini, moyo umechoka, na kweli miguu yake ilikuwa inavimba kila jioni. Tulipotoka pale hakuniuliza lolote kuhusu dawa.

"Mama, wewe si uko na gari?" aliniambia. "Nipeleke kule kwa mawe nyekundu. Mimi na wewe tu. Nataka kukaa kwa dirisha."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nafanya kazi ya ofisi Embu, na gari langu ni dogo, lakini nafasi ya watu wawili haikosi. Jumamosi iliyofuata tukapanga safari mezani kwake, chai ikipoa. Tungeondoka alfajiri, tuteremke hadi Isiolo, tuvuke mto Ewaso Nyiro, tunywe chai mjini Archer's Post, kisha tufike chini ya jabali kabla jua halijawa kali. Tungelala Archer's Post na kurudi kesho yake. Safari yenyewe ni fupi. Aibu ni kwamba ilikuwa imengoja miaka yote hiyo. Mama aliuliza kama asubuhi kule huwa na baridi. Nikamwambia kule hakuna baridi hata usiku wa manane. Alinisikiliza vizuri, halafu akaenda kutoa masweta mawili, lake na langu, akayapiga pasi.

Kama tungeondoka Ijumaa iliyofuata, tulivyopanga, leo ningekuwa naandika mengine. Lakini kwetu mtu haendi safari bila kuombewa. Jumapili mama alisimama kanisani akaomba waumini waikumbuke safari yake. Mchungaji akauliza ni ya wapi, naye akasema. Kabla hatujafika kwenye amina, nusu ya chama cha akina mama walikuwa wamegundua kwamba hata wao hawajawahi kufika huko, na wangependa sana kufika. Na mama yangu hakuwa mtu wa kumwambia mwenzake hapana. Kumwacha mtu anayetaka kwenda, kwake yeye, kulikuwa sawa na kula mbele ya mgeni.

Jumatatu kukafunguliwa kundi kwenye simu: Safari ya Mawe Mekundu. Kufikia katikati ya wiki tulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mlezi, na kamati ndogo ya chakula. Watu wa kwetu hatuwezi kufanya jambo bila kamati. Nyumba ikishika moto, nadhani tungeanza kwa kuchagua mwenyekiti.

Gari langu, bila shaka, likawa halitoshi. Likatakiwa basi la shule, na basi la shule lingepatikana shule zikifungwa. Zilipofungwa, viazi vilikuwa tayari kuchimbwa. Vilipochimbwa, kukawa na semina ya kanisa. Katikati ya hayo yote watu walibishana kuhusu fulana, ziwe za rangi ya damu ya mzee au za kijani. Walibishana kama tubebe mukimo, viazi vyetu vya kuponda, au tupike pilau hukohuko, na mtu mmoja akataka kujua kama jangwani kuna maji ya kuoshea sufuria. Katibu, mwalimu anayeishi ng'ambo ya ua wa mama, aliandika kila kitu na kutukumbusha kila kitu. Hakujua kuhusu moyo. Hakuna aliyejua. Mama alinikataza kusema, kwa sababu hakutaka safari ya furaha igeuke kuwa safari ya kumpeleka mgonjwa.

Kila nilipotoka Embu wikendi nilimkuta miguu iko juu ya kigoda, na siku moja nikaona ameacha kuvaa viatu, anavaa malapa. Hofu ilinishika, na mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali.

"Twende sisi wawili," nikamwambia. "Leo. Na hizihizi nguo."

"Na Jumapili nitawaambia nini? Waliniombea, halafu nikawaacha?" Alinipigapiga mkono kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Ngoja tu kidogo. Wenzetu watakuwa ready."

Alifariki Jumanne mchana, wakati wa viazi vya msimu uliofuata, akiwa ameketi juu ya gunia pembeni mwa shamba. Jirani aliyekuwa akichimba naye alisema mama aliomba apumzike kidogo, akakaa akiangalia kule chini.

Jioni hiyo simu yangu ililia. Katibu alikuwa amebadilisha jina la kundi. Halikuitwa tena Safari ya Mawe Mekundu, liliitwa Mazishi ya Mama Yetu. Hapakuwa na haja ya kufungua lingine, watu walikuwa ni walewale. Mwenyekiti yuleyule, mweka hazina yuleyule. Kamati ndogo ya chakula ilikubaliana kuhusu pilau kabla ya saa mbili usiku. Basi la shule, ambalo tulikuwa tumelingoja tangu muhula ule mwingine, lilipatikana kesho yake asubuhi, tena pamoja na dereva.

Sikujua nicheke au nipige mtu. Wale akina mama nawapenda. Walilala sebuleni kwetu, waliosha vyombo, walinilisha uji nikiwa sitaki hata maji. Na kila nilipowatazama wakipanga vitu haraka na vizuri namna ile, nilitaka kuwauliza mlikuwa wapi na basi hili. Moyo wangu uliuma mpaka nikaona haya, kwa sababu walikuwa wakilia kwa machozi ya kweli.

Siku ya kumzika tulimchukua mochari Meru mjini. Viti vya nyuma vya basi vilikuwa vimeng'olewa, jeneza likalazwa sakafuni, chini kabisa ya madirisha. Mimi niliketi mbele yake, upande wa kulia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipopanda na kuanza kukaribia nyumbani, nchi ya chini ilifunguka yote, na Ololokwe likaonekana jekundu, karibu kuliko nilivyowahi kuliona. Akina mama waliacha kuimba, mmoja mmoja, wakageuka kutazama. Mama peke yake ndiye hakuona. Nilitoa sweta lake kwenye mkoba, lile alilolipiga pasi, nikaliweka kwenye kiti cha dirishani kando yangu.

Basi lilikuwa limejaa. Katibu, aliyekuwa amempisha bibi mmoja kiti chake, alikuja akiyumba katikati ya viti hadi nilipokuwa.

"Hapo kwa dirisha kuna mtu?" akauliza.

"Kuna mwenyewe," nikamjibu.

Alilitazama sweta, akatazama nje. Kisha akashika bomba la juu na kusimama hivyo hadi Kiirua.