Ndege Ilishafika Mwanza

Baba yangu alipima njia kwa kulala. Alikuwa akiswaga ng'ombe kwenda kuuza, na kwake kutoka Bariadi hadi Mwanza ilikuwa kulala mara nne, tano ng'ombe wakiwa wachovu. Kaka yangu mkubwa alipopelekwa London kusoma, akatuandikia kuwa kwa ndege unalala njiani usiku mmoja, wa pili unalala Nairobi, kisha ndege ndogo inakushusha Mwanza. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe Ulaya ni karibu kuliko Mwanza!" Mnadani kote akawa anatamba na habari hiyo, na hakuna aliyembishia.

Kisha mama akaugua tumbo. Mimi nilikuwa nimeolewa Migato, nikarudi kumuuguza. Hamu yake ilikuwa moja tu: amwone mwanawe kabla hajafa. Nikamsihi baba amwite kaka.

"Ya nini kumkatiza masomo? Kulala mara mbili tu, huyo yuko hapa."

Jamani, nilikasirika! Lakini ungemwambia nini mzee yule? Mama alipokataa hata uji, ndipo baba akakubali kaka apigiwe simu ya maandishi, telegramu.

Na kweli, ndege ilimfikisha Mwanza upesi, kama alivyosema. Ila masika yalikuwa yamechachamaa. Lori alilopanda kutoka huko lilinasa kwenye tope, likanasuliwa, likanasa tena. Alipofika kwenye mto wetu, ule ambao kiangazi ni mchanga mtupu tunaochimba kupata maji, ulikuwa umejaa kingo mpaka kingo. Akakwama ng'ambo, mahali anapouona moshi wa jikoni kwetu.

Nikamwambia mama, "Amekuja. Yuko ng'ambo." Akaniomba nimgeuze aelekee mlangoni. Kila kivuli kilichopita aliinua kichwa. Huko mtoni baba alishinda akiutukana mto kwa Kisukuma, matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Wanaume wetu walimpigia kaka kelele kutwa: "Jaribu huku juu! Fanya haraka, mama yako anakungoja!" Alijaribu, maji yakamrudisha. Siku ya tatu mama akakata roho, uso ukiwa mlangoni. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Asubuhi yake maji yalianza kushuka. Baba hakuweza kwenda, nikateremka mimi na baba mdogo. Kaka alikuwa tayari, suruali ameikunja, viatu ameviningʼiniza shingoni.

"Mama anaendeleaje?" akapaza sauti.

Kwetu habari ya kifo haipigiwi kelele ng'ambo ya mto. Mtu huambiwa akiwa ameketi, na wa kumshika wakiwa karibu. Baba mdogo akajikohoza, akajibu, "Usivuke sasa, mwanangu. Subiri maji yapungue vizuri."

Kaka akayatazama maji, akatutazama sisi. Kisha akavua vile viatu shingoni, akaviweka kando, akakaa kwenye tope.