Wanaume wa Miaka Kumi na Miwili

Sijawahi kumdharau mtu kwa sababu anauza mabati. Ni kazi ya heshima, na kila aliyewahi kunyeshewa ndani ya nyumba yake anajua. Lakini muuza mabati wetu wa Kasongo alipokwenda Goma kwenye semina ya siku tatu, akarudi na cheo cha prezida wa komite ya beizboli, nilianza kumdharau, na mpaka leo sijaacha.

Alirudi na mfuko mrefu. Ndani mlikuwa na magongo mawili ya kupigia, glavu tisa za ngozi, zote za kuvaa mkono wa kushoto, na mipira michache migumu kama kokwa za mchikichi. Akatukusanya wazazi na majirani kwenye darasa la shule ya msingi, akatuambia kwamba ng'ambo kuna mashindano ya dunia ya beizboli ya watoto wasiozidi miaka kumi na miwili, na kwamba njia ya kwenda huko inapita Kabambare. Tukiwashinda Kabambare tunakwenda Kindu. Kutoka Kindu, Kinshasa. Kutoka Kinshasa, ndege. Aliposema ndege alinyoosha kidole juu, na watu wote wakatazama dari.

Na mimi nikatazama.

Mimi ni muuguzi wa uzazi. Nimezalisha wanawake kwenye santre ya afya moja hapa mjini kwa zaidi ya miaka ishirini, na watu wananiita mama muganga ingawa sikusomea udaktari. Watoto wengi wa mtaa wetu walipotoka tumboni, mikono ya kwanza kuwagusa ilikuwa hii yangu. Daftari la uzazi liko kwenye kabati langu, na ufunguo wa kabati ninao mimi. Ndiyo maana prezida alikuja kwangu mapema asubuhi, kabla sijafungua dirisha la chanjo.

"Mama muganga, tunaomba sertifika za kuzaliwa, kumi na mbili. Kila mutoto, miaka kumi na mbili."

"Wote wana umri mmoja? Walizaliwa kwa kengele?"

"Mashindano ndiyo iko inaomba vile."

"Mashindano inaomba wasiopita miaka kumi na mbili. Haikuomba uongo."

"Nani amesema uongo? Mimi ninaomba kashe tu. Weka kashe, mama," alisema, akionyesha mhuri juu ya meza yangu.

Nilifungua daftari. Watoto tisa walikuwa sawa, wengine na kumi, wengine na kumi na mmoja. Watatu walikuwa wamepita. Wawili walikuwa na kumi na tano. Wa tatu alikuwa na kumi na minne, na huyo sikuhitaji daftari kumjua, maana ni mtoto wa mdogo wangu. Nilimpa prezida karatasi tisa, nikamwambia aende na hizo. Hakubishana. Alizikunja vizuri, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alifika jioni, akakaa jikoni kwangu bila kuvua mtandio.

"Yaya, dada yangu mukubwa, wewe ndiye utamuzuia mutoto wako kupanda ndege?"

"Ana miaka kumi na mine. Nilimutoa mwenyewe, ulinishika shingo mpaka nikakosa pumzi."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Basi ni wewe tu," alisema. Akaanza kulia.

Niliandika. Sitaki kujipamba: niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga mhuri katikati kabisa. Na ukishaandika uongo kwa ajili ya ndugu, wa jirani unauandika kwa haya. Kesho yake prezida akapata na zile mbili za wenye kumi na tano. Alinishukuru kwa ile sauti yake ya semina, akaniambia kwamba sasa mimi ni daktari wa ekipe, yaani wa timu.

Mtu pekee wa maana katika komite hiyo alikuwa mwalimu, kijana mwembamba wa darasa la tano. Yeye alikuwa amekisoma kile kitabu kidogo cha kanuni kilichokuwa ndani ya mfuko. Prezida hakuwa amekifungua. Mwalimu aliwafundisha watoto kila asubuhi kwenye uwanja wa mpira, na mimi nilipita pale nikienda kazini. Mmoja anarusha, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga, anakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyowekwa alama kwa magunia. Akipiga hewa mara tatu, anatoka. Mrushaji wetu mkuu alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwenye mkono wa kushoto. Nyumbani bibi yake alimpiga vidole akila kwa mkono huo. Glavu zote zilikuwa za mkono huohuo wa kushoto, kwa hiyo aliivaa yake kinyumenyume kwenye wa kulia, dole gumba likiwa mahali pa kidole cha mwisho. Miaka yote alikuwa akifukuza ndege kwenye mpunga wa baba yake kwa kurusha madongo. Alichokitazama, alikipiga.

Tulikwenda Kabambare kwa pikipiki, watoto watatu juu ya kila moja, siku mbili. Barabara ile siwezi kuieleza kwa mtu asiyeijua, na anayeijua hahitaji nimweleze. Kila penye tope watoto walishuka wakasukuma. Prezida hakushuka. Alikaa nyuma ya mwendesha pikipiki wake, shati jeupe, akiwaambia wasukume pamoja.

Kabambare walikuwa na prezida wao, mtu wa ofisi, mnene, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kutoka Kindu alikuwa amekuja delege, mjumbe wa mashindano, na huyo alikuwa na filimbi. Mwalimu alinong'ona kwamba beizboli haina filimbi. Delege aliipuliza hata wakati wa kusalimiana.

Ndipo ekipe ya Kabambare ikaingia uwanjani.

Wanne au watano walikuwa watoto. Wengine walikuwa wanaume. Mabega yao yalikuwa yamejaa kwa kupasua mawe, na ndevu walikuwa wamezinyoa asubuhi hiyohiyo, maana mmoja alikuwa bado na damu kidevuni. Yule wa mkono wa kushoto alinivuta kitenge: "Mama, hawa ndio wazazi wao?"

Niliwatazama mmoja mmoja, kama ninavyotazama foleni ya chanjo, na wa sita nikamtambua. Mwaka uliotangulia alikuwa amemleta mke wake Kasongo kutoka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, siku nzima juu ya pikipiki, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nilihangaika na yule mama mpaka asubuhi. Kijana alikuwa amekaa kwenye saruji mbele ya mlango, akimwomba Mungu kwa Kibangubangu na kwa Kiswahili, kwa zamu.

Nilivuka uwanja. Sikuwa nimepanga lolote.

"Baba," nilimwita kwa sauti ya kusikika. "Mutoto hajambo?"

Alinitambua palepale, na adabu ikamshinda akili. Alivua kofia.

"Hajambo, mama muganga! Ameanza kutembea. Mama yake anakusalimia sana."

Watu walicheka mpaka wauza ndizi nyuma ya kamba ya uwanja wakaja kuuliza kuna nini. Prezida wetu aliruka kama mtu aliyekanyaga siafu, akamwambia delege: huyu ana mtoto, andika, Kabambare iondolewe! Prezida wa Kabambare hakubabaika hata kidogo. Alichomoa kalamu moja, akaninyooshea.

"Na wenu? Mama huyu si ndiye aliwaandikia karatasi? Aseme mbele ya watu. Wote iko na miaka kumi na mbili?"

Prezida wetu alinikazia macho. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ameshika glavu kifuani. Nilikuwa nimetoka tu kumvua nguo mtu mwingine hadharani, tena mtu asiyenikosea kitu. Ningewezaje kubaki na zangu?

"Watatu wamepita," nilisema. "Mmoja ni mutoto wa mudogo wangu. Karatasi niliandika mimi, na niliandika uongo."

Nilitegemea kelele. Kilichotokea ni kwamba maprezida wawili, waliokuwa wakitukanana dakika hiyohiyo, walipatana. Walinigeukia pamoja. Mmoja akasema mimi ni adui wa michezo, mwingine akasema ni adui wa vijana. Delege alipuliza filimbi, akatangaza kwamba mechi itachezwa vilevile, na kwamba mama huyu aondoke uwanjani kwa sababu analeta fujo. Kwa hiyo daktari wa ekipe alikwenda kukaa nyuma ya kamba, kati ya wauza ndizi na wauza karanga.

Kutoka huko niliona vizuri. Wale wanaume wa Salamabila walikuwa wamefundishwa beizboli kwa wiki moja, na walilishusha gongo kama nyundo ya mgodini, kutoka juu kwenda chini. Mtoto wetu wa mkono wa kushoto aliinua mguu, akarusha. Hewa. Akarusha tena. Hewa. Mwanaume wa kwanza alipiga hewa mara tatu, akakataa kutoka, akasema anaanza kuzoea. Mwalimu alimwonyesha kanuni kwenye kitabu. Delege akasema kitabu hicho hakina mhuri wa Kindu.

Lakini walipoupata waliupata kweli. Mipira miwili iliingia kwenye shamba la mihogo na haikurudi. Ukabaki mmoja. Kila ulipopigwa mbali mchezo ulisimama, pande zote mbili zikaingia mihogoni kuutafuta, pamoja na mwenye shamba, aliyekuwa akiwalaani kwa kila shina lililovunjika. Hesabu ya pointi ilipotea zamani. Prezida wetu alikuwa na yake, wa Kabambare na yake, na delege alisema ataitafakari.

Halafu mvua ikaanguka, ile ya kwetu, isiyobisha hodi, na wote tukakimbilia baraza la shule.

Yule baba wa mtoto alikuja kusimama karibu nami. Maji yalimtiririka usoni. Nilimwomba radhi.

"Hapana, mama. Ulisema kweli." Alitazama mvua. "Walikuja Salamabila wakatuambia kuna pasiporo ya kwenda ng'ambo. Wakasema mutu akishafika kule, atajua mwenyewe. Mimi niko na miaka kumi na tisa. Shimoni, mwezi uliopita, udongo ulishuka juu ya rafiki yangu. Ningewaambia nina miaka mitano kama wangetaka."

Nilimuuliza kama mtoto amepata chanjo ya surua. Hakujua. Nilimweleza aende wapi na siku gani, akarudia maneno yangu mara mbili ili asisahau. Kati ya wakubwa wote niliozungumza nao Kabambare, huyo ndiye pekee aliyenisikiliza.

Mvua ilipopungua delege alitoa uamuzi, akiwa amesimama juu ya benchi. Alisema kwa kuwa mechi haikumalizika, mshindi atatokana na dosie, yaani mafaili ya wachezaji. Alikuwa amezisoma dosie za pande zote. Za Kabambare zilikosa sertifika tano. Za Kasongo zilikuwa kamili, zimeandikwa vizuri, kila moja na kashe yake. Kasongo inapita.

Mwalimu aliinua mkono kama mwanafunzi. "Papa delege, mama aliyeandika amesema mwenyewe si kweli."

"Mama amesema kwa mudomo," delege alijibu. "Mudomo hauna kashe."

Prezida wetu alicheza dansi pale barazani na shati lake jeupe. Nimeona ulevi wa namna nyingi, lakini wa mtu aliyeshinda kwa mhuri sikuwa nimeuona. Watoto walimtazama. Hakuna aliyecheza naye. Yule wa mkono wa kushoto aliniuliza kama ameshinda, nikamwambia kwamba amerusha vizuri. Akaniambia hilo analijua, ameuliza jambo lingine.

Mashindano ya Kindu yaliahirishwa mara mbili, kisha ikaja sauti kwenye simu ya prezida kwamba mwaka huu hakuna. Nchi gani zilikwenda kwenye mashindano ya dunia sijui, na sikuuliza. Prezida bado ni prezida. Ameandika cheo chake kwenye ukuta wa duka, juu ya bei za mabati, na akinikuta njiani anageuza uso. Mimi namsalimu kwa sauti kubwa, salamu kamili, na jina la mama yake, mpaka aitikie.

Mdogo wangu hakunisemesha kwa miezi. Mtoto wake alikuja siku moja peke yake, akaketi kwenye benchi la wajawazito akangoja niwamalize wote.

"Mama mukubwa," alisema, "kule Kabambare nilitaka ardhi ipasuke."

"Hata mimi."

"Wenzangu shuleni wananiita Kumi na Mbili."

Nilicheka kabla sijajizuia. Yeye hakucheka. Nilimpa chai, akanywa yote akitazama pembeni, akauliza kama mama yake amewahi kuja kuniona. Nikasema hapana. Akasema atamwambia aje, lakini si wiki hii, maana wiki hii bado ana hasira.